Kuhusu skrini uliyoniuliza

Zawadi mwanangu,

Umeuliza ununue skrini ya kuchapia vitambaa, ile fremu yenye wavu, ya nyuzi ngapi ili kila kitambaa kitoke na sura yake. Nyuzi 43 kwa sentimita zinatosha. Pamba iloweke kwanza kwenye soda ashi (si magadi ya maharage, usinichekeshe), uianike. Uji wa kuchanganyia rangi ni wa unga wa mwani wa kahawia, si huu unaolimwa Paje, Zanzibar. Ukoroge jioni, ulale mpaka asubuhi.

Lakini skrini si tatizo. Unavikumbuka vile vitambaa vya meza vya Ngamiani? Asubuhi nilipaka rangi kwa brashi juu ya skrini yenyewe, mara nikaitwa msibani kwa mama mkubwa wako. Narudi alasiri, rangi imekauka, matundu yameziba. Nikasema potelea mbali, nikamimina uji mtupu, nikavuta skwiji, ule mpira wa kusukumia rangi. Cha kwanza, michirizi tu. Cha pili rangi ikaanza kulainika. Cha tatu! Bluu imepasukapasuka kama tope la kiangazi, katikati pamebaki weupe ambao sikuupanga. Vilivyofuata vikafifia, cha sita kikawa kivuli.

Na yule mama aliagiza sita vinavyofanana. Akavipekua kimoja kimoja. "Mama Zawadi, hivi ulikuwa umelala?" Akaondoka, hata shilingi ya kitambaa hakuacha. Mpaka leo nikipita mtaa ule nageuza uso.

Rangi haina haraka, nimekwambia tangu hujaanza shule. Ila siku ile nilijua nini mimi? Baadaye nilijaribu makusudi mara nne, juani na kivulini, cha tatu hakikurudi. Basi ulikuwa uzembe uliobahatika. Hapana, wangapi wangeifua ile skrini wakalala? Mimi nilivuta. Lakini nilivuta kwa hasira, hilo nalo ni ufundi? Rangi haina haraka, basi.

Kile cha tatu ndicho kilichofunika cherehani ya baba yako mpaka kikachanika.

Kipande chako chekundu, ulichochapa kwa skrini ya kuazima, nimekiona kwenye picha. Nina neno, linaniwasha ulimi. Kizungushie nailoni kingali kibichi, kilale hivyo hadi kesho, halafu ukifue mpaka maji yatoke meupe. Nitumie picha nyingine, ndipo nitasema. Ule upande wa kushoto, lakini... haya, kifue kwanza.

Mama yako