Mkuu, usimeze kidonge cha aleji ili ukakimbie

Mkuu, kesho usikimbie. Umeandika kwamba siku nyingine ukikimbia unatoka mabaka ya kuwasha na midomo inavimba, siku nyingine unarudi salama. Unauliza kama ni jasho au kitambaa cha nguo, na kocha wako anasema umeze kidonge cha aleji nusu saa kabla, mwili utazoea.

Hauzoei! Mimi nilipewa ushauri huohuo na mwalimu wa mazoezi, kwa kujiamini kabisa. Hakuniuliza hata nimekula nini. Mtu hajui kinachokuvimbisha, anakupangia dawa! Hadi leo nikimkumbuka napandwa na hasira.

Jioni ile nilikula mkate, goti likawa linauma nikameza ibuprofeni, kisha kidonge cha aleji kama nilivyoelekezwa. Njiani viganja vikaanza kuwasha. Nikakaza mwendo, si nimeshameza dawa? Kidonge kile hutuliza muwasho. Koo likibana na presha ikishuka hakikusaidii. Nikaanguka. Wapita njia wakanisimamisha kwa nia njema, nikazimia palepale, kwa sababu mtu wa hali ile hulazwa chali, miguu ikainuliwa. Kilichonirudisha ni sindano ya adrenalini pajani.

Ilikuwa ngano. Ndani yake kuna protini iitwayo omega-5 gliadini, na hiyo ndiyo mwili wangu unaikataa. Nikila mkate nikatulia, sipati chochote. Nikila nikakimbia, hapo ndipo balaa. Aspirini, ibuprofeni na pombe huzidisha, na mimi nilichanganya mkate, dawa ya maumivu na mbio. Ndiyo maana siku nyingine unapona: siku hiyo pengine hukula kitu chenyewe. Kwako huenda ni kamba wa baharini au karanga, sijui, ila kipimo cha kawaida cha ngano kisikutulize kikisoma hasi. Mwombe daktari wa mzio, yaani aleji, kipimo cha hiyo omega-5 gliadini.

Saa nne, mkuu. Kati ya chakula kinachokudhuru na mazoezi zipite saa nne au zaidi, hata ukijisikia mzima kiasi gani. Na kwa kuwa bado hukijui, usikimbie kabisa mpaka upimwe. Ukiruhusiwa kurudi, usitoke peke yako, na sindano ya adrenalini uliyoandikiwa iwe mfukoni, si nyumbani kabatini. Muwasho ukianza, simama hapohapo. Usiumalizie mzunguko.

Usiku huu kaa uandike ulichokula na kila dawa uliyomeza kabla ya siku zile ulizovimba. Karatasi hiyo mpelekee daktari, kocha muache.