Wadogo zangu wa forodha, acheni kunakili faili la zamani

Juzi nimemkuta kijana wetu hapa Tanga kafungua faili la mwaka jana, anahamisha namba za HS, zile za kimataifa za kutambulisha aina ya bidhaa, kama zilivyo kwenye mzigo mpya wa mkonge. Namuuliza, ananijibu: "Kaka, mambo ya Brussels na Geneva yanatuhusu nini?" Yanatuhusu, mdogo wangu.

1. Namba za HS zinatoka Shirika la Forodha Duniani, Brussels, zilianza kutumika 1988 na hubadilika. Mkonge ulikuwa na 5304 yake; 2007 ikafutwa, ukahamia 5305. Hizo ni singa, yaani nyuzi ghafi. Kamba ni 5607.

Mimi nilichanganya. Mzigo ulikuwa kamba za kufungia marobota ya majani, nikachukua faili la singa, nikabadilisha uzito na jina la mnunuzi tu. LC, ile barua ya benki ya mnunuzi inayoahidi kulipa hati zikiwa sawa, inasema kamba, ankara yangu inasema singa. Benki haifungui kontena, inasoma karatasi. Na kanuni za Chama cha Kimataifa cha Biashara cha Paris, UCP 600, zinataka maelezo ya bidhaa kwenye ankara yalingane na ya LC. Hati zikakataliwa. Mpaka tunamaliza kusahihisha, zile siku 21 tangu mzigo upakiwe, za kuwasilisha hati benki, zimekwisha. Mnunuzi akadai punguzo, mwenye mali akakubali, angefanyaje na meli imeshaondoka? Mwisho wa mwezi nikamsindikiza kiwandani, Muheza. Watu walipewa nusu mshahara. Mama mmoja wa mashine ya kusokota, asiyenijua, akaniuliza: "Mwanangu, kwani Ulaya hawazitaki tena kamba zetu?" Sikuweza kumjibu. Mpaka leo nikipita Muheza namkumbuka.

2. Namba ikikutatiza, omba Mamlaka ya Mapato (TRA) uamuzi wa awali kwa maandishi, yaani wakuambie namba sahihi kabla ya mzigo. Umo kwenye mkataba wa Shirika la Biashara Duniani (WTO), Geneva, wa kurahisisha biashara, ulioanza kazi 22 Februari 2017. Wengi wenu hamuombi, mnaona uvivu kuandika barua!

3. Uthibitisho wa uasili uwe tayari mapema. Kamba zetu zinaingia Umoja wa Ulaya bila ushuru kwa mpango wa 2001 wa nchi zenye maendeleo duni. Usipothibitisha zimetoka wapi, nafuu hiyo mnunuzi haipati, na mwakani atanunua kwingine.

Na wewe kijana, lile faili nimelifungia kabatini. Kesho njoo na LC, tuisome wote mstari kwa mstari.