Je, ni chokaa iliyoiangusha Louisbourg?

Swali: Mimi ni fundi mwashi. Nimesoma kwamba ngome ya Wafaransa ya Louisbourg, huko Kanada, ilitekwa mara mbili kwa sababu chokaa yake ilikuwa mbovu. Mbona majengo ya chokaa ya pwani yetu yanadumu karne nyingi?

Jibu: Fundi, chokaa ya Louisbourg ilikuwa na kasoro kweli, ila siyo iliyowafungulia adui mlango.

Unajua mwenyewe kuwa chokaa haikomai kwa siku moja. Huvuta hewa ya ukaa kidogo kidogo, miezi kwa miezi. Kule Île Royale, kisiwa chenye Louisbourg ambacho leo kinaitwa Cape Breton, kuna ukungu na mvua nyingi, na msimu wa kujenga ni mfupi, hivyo baridi kali iliikuta chokaa ikiwa bado mbichi ndani. Maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9. Yanaganda usiku, yanayeyuka mchana, na kila mzunguko unalegeza viungo vya mawe. Juu ya hayo walichanganya mchanga wa ufukweni, na chumvi yake ikaufanya ukuta usikauke. Hatimaye wakalazimika kuzifunika kuta kwa mbao! Chokaa yetu ya matumbawe haijawahi kukutana na barafu. Hiyo ndiyo tofauti kubwa.

Sasa vita. Wahandisi Verville na Verrier walifuata mtindo wa Vauban, mhandisi Mfaransa wa ngome: kuta nene zisizo refu, handaki, na pembe zinazochomoza ili mizinga ilinde kila upande. Lakini mji ulikaa chini, na upande wa bara kuna vilima vinavyouchungulia. Nguvu kubwa ya mizinga ilielekezwa bandarini.

Mwaka 1745 wanamgambo zaidi ya 4,000 kutoka New England, makoloni ya Uingereza huko Amerika, chini ya mfanyabiashara William Pepperrell, walishuka ghuba ya Gabarus na kuburuta mizinga juu ya kinamasi ambacho Wafaransa waliamini hakipitiki. Kikosi cha kituo kikuu cha mizinga ya bandari kilikimbia baada ya kupigilia misumari kwenye matundu ya kuwashia mizinga. Mafundi wa bunduki wa adui wakayatoboa upya, wakaigeuzia mizinga hiyo mji. Kwa maoni yangu, hilo lilidhuru kuliko chokaa yote. Baharini, manowari za Uingereza chini ya Peter Warren ziliikamata Vigilant, meli ya Wafaransa ya mizinga 64 iliyokuwa ikileta msaada. Mji ukasalimu amri baada ya wiki kama saba.

Mkataba wa 1748 uliirudisha kwa Ufaransa. Mwaka 1758 walikuja Waingereza wapatao 13,000 chini ya Jenerali Amherst, na kundi kubwa la manowari. Ilianguka tena Julai 26, na mwaka 1760 wahandisi wao wakazilipua kuta. Ukiona picha zake leo, unaona kazi ya ukarabati iliyoanza 1961, takriban robo tu ya mji wa zamani.

Kwa kazi yako: ukipata ujenzi wa chokaa nyanda zenye jalidi, kama Kitulo, tumia mchanga wa mto uliooshwa, anza baridi ya Juni hadi Agosti ikishapita, na funika ukuta mpya mvua isiulowanishe.