Lipa mtu wa kumuuliza

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: mgeni akifika mji wa kale wa Ulaya, ana haja gani ya kulipa mwongoza watalii ilhali simu yake ina kila kitu? Nitajibu kwa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwa sababu ndiko ndugu na marafiki kutoka nyumbani hunikuta wakija kutembea. Ushauri ninaowapa wao ndio ninaowapa wasomaji: lipeni, ila mlipe mtu mtakayemuuliza maswali. Anayetaka kusikiliza tu, simu inamtosha.

Chukua mfano wa Baixa na Alfama, sehemu mbili za mji zinazopakana. Baixa iko bondeni na mitaa yake imenyooka. Panda kidogo ufike Alfama, vichochoro vinajikunja na ngazi hazina mwisho. Aliyezaliwa Mji Mkongwe Unguja hatashangaa sana. Tofauti hiyo ina tarehe yake. Asubuhi ya 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yamejaa na mishumaa inawaka, ardhi ilitetemeka. Ukafuata moto, na mawimbi ya tsunami yakapanda kupitia mto Tejo. Baixa iliangamia; Alfama, iliyo juu ya mwamba, ilinusurika kwa sehemu kubwa. Waziri wa mfalme, yule aliyekuja kuitwa Marquês de Pombal, alisimamia ujenzi mpya, na ndani ya kuta za nyumba mafundi waliweka fremu za mbao zenye mihimili ya mshazari, ili tetemeko likija tena nyumba iyumbe bila kuporomoka.

Fremu hizo zimefunikwa na plasta, hivyo unaweza kupita Baixa siku nzima usijue kwamba zipo. Mwongozaji anayeijua kazi yake atakuchorea kwenye karatasi jinsi mihimili inavyobebana. Kisha atakusimulia kwamba askari walipigishwa kwata kuzunguka mfano wa jengo ili kupima uimara wake. Hapo muulize: hilo limeandikwa wapi? Akisema "ndivyo inavyosimuliwa", umepata mtu mkweli, endelea naye.

Tramu namba 28 pandeni mapema asubuhi au muiache; foleni ni ndefu na wezi wa mifukoni wanaipenda kuliko watalii. Kuna pia bajaji, ndiyo, bajaji zilezile, ila hapa nyingi zinatumia umeme na zinauzwa kama starehe. Mtu wa Kariakoo akisikia bei atacheka. Kwa mzee mwenye magoti mabovu, lakini, ni msaada wa kweli, maana vilima ni vingi na yale mawe madogo ya barabarani huteleza mvua ikinyesha.

Tahadhari nyingine ni ziara za miguu zinazotangazwa kuwa za bure. Waongozaji hukusubiri uwanjani na miavuli ya rangi, na mwisho wa matembezi mnawapa bakshishi. Si papasi wa kuwaganda watalii kama kule Zanzibar, wengi wamesoma na wanaongea vizuri. Lakini mara nyingi mwongozaji hulazimika kuilipa kampuni kiasi fulani kwa kila kichwa alichokileta, kwa hiyo kundi linakuwa kubwa, naye anahitaji mcheke na mfurahi kabla hamjafungua pochi. Kundi la watu thelathini halina nafasi ya swali la mtu mmoja. Kama mko wanne au watano, changeni mchukue mwongozaji wenu.

Sasa Belém, sehemu nyingine ya Lisbon, ambako swali la msemaji wa Kiswahili lina uzito wake. Kundi litaingizwa kanisa la monasteri ya Jerónimos, lionyeshwe kaburi la Vasco da Gama, liambiwe kwamba huyu ndiye aliyefungua njia ya bahari kwenda India. Muulizeni mwongozaji: nani alimvusha kutoka Afrika kwenda Calicut, kule India? Mwaka 1498, baada ya mambo kumharibikia Mombasa, alifika Malindi, na mfalme wa pale ndiye aliyempa rubani. Da Gama naye alihitaji mwongozaji, na hakumpata kwa bakshishi. Muulizeni pia fedha za kujengea monasteri zilitoka wapi. Sehemu kubwa ilitoka kwenye ushuru wa asilimia 5 wa biashara ya Afrika na Asia.

Ila kitu ambacho ningependa kila mtu wa pwani yetu akione hakipo Belém tena. Kipo makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale, Museu Nacional de Arte Antiga: monstransi ya dhahabu, chombo ambacho Wakatoliki huweka Hostia, mkate wao mtakatifu, ili waamini waiabudu. Mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka, kila mmoja amepakwa rangi ya enameli. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na merikebu za vita, akatia nanga Kilwa na kumlazimisha Amir Ibrahim, mtawala wa mji huo, kulipa kodi ya dhahabu. Mfalme Manuel I akaamuru chombo hiki kitengenezwe kwa dhahabu hiyo, kikakamilika mwaka 1506. Huku si kukisia: maandishi yaliyo kwenye chombo chenyewe yanaitaja kodi ya Kilwa. Mwaka uliotangulia, 1505, Wareno walikuwa wameshauteka mji huo.

Nimeona makundi yakipita mbele yake kwa dakika moja, yakisifia ufundi wa sonara. Ndiyo, ufundi upo. Lakini anayetoka Lindi au Mtwara ana haki ya kumsimamisha mwongozaji hapo na kumwomba asome maandishi kwa sauti.

Siku hizi zipo pia ziara za historia ya Waafrika wa Lisbon, zinazopita Rua do Poço dos Negros, mtaa uliopewa jina kutokana na shimo walimotupwa watumwa waliokufa, na uwanja wa São Domingos. Hizo mimi nazipa nafasi ya kwanza.

Mkimwandikia mwongozaji kabla ya kuja, mwambieni mnataka kuiona dhahabu ya Kilwa, na muone atajibu nini. Msipange iwe Jumatatu: siku hiyo makumbusho hufungwa, na Jerónimos pia.

Msomaji wenu, Setúbal, Ureno