Nambari Moja, Barabara Vipande Vitatu

Safu ya maswali ya wasomaji: Dereva Mstaafu wa Malindi Anajibu

SWALI: Shikamoo, mzee. Mpwa wangu anaendesha lori California, Marekani. Amenitumia sauti kwenye simu kwamba barabara ya jimbo nambari 168 inaishia ziwani huko mlimani, kisha inaanza tena upande wa pili wa mlima kwa nambari ile ile, na katikati hamna njia ya gari. Barazani kwetu Langoni wamemcheka, wanasema kachanganya ramani. Nani mkweli? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Marahaba. Waambie hao wa barazani wamtake radhi kijana wa watu. Hakukosea, tena amewapunguzia: kisheria 168 ina vipande vitatu, si viwili.

Cha kwanza kinatoka mjini Fresno, kinapita Clovis na Shaver Lake, kinapanda hadi Huntington Lake, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo 168 inapokomea. Mbele iko njia nyembamba ya Kaiser Pass, ila haibebi nambari hiyo wala haivuki safu ya milima. Cha pili kinaanzia Camp Sabrina, mashariki mwa safu hiyo, iitwayo Sierra Nevada, kikateremka hadi mji wa Bishop. Angekuwa ndege, mpwa wako angeruka kama kilomita 50 tu kutoka ncha moja hadi nyingine. Kwa gari, ashuke kwanza alikopanda, kisha achague: azunguke kaskazini kwa Tioga Pass, mita 3,031, ambayo hufungwa kwa theluji msimu wa baridi, au ateremke kusini kabisa hadi Bakersfield ndipo apate upenyo.

Mwaka 1964 California ilizipa barabara zake nambari upya. Mwaka huo huo serikali kuu ya Marekani ikapitisha sheria ya kulinda nyika, na eneo la John Muir Wilderness, lililo baina ya vipande hivyo viwili, likawa miongoni mwa ya kwanza kulindwa. Humo unaingia kwa miguu au juu ya farasi. Gari haliruhusiwi, sembuse tingatinga. Mimi niliyekula vumbi la Witu miaka na miaka mngedhani nitatetea lami kila mahali, lakini mlima ule naona waachiwe farasi.

Kipande cha tatu kinatoka Big Pine, kinapita Westgard Pass hadi Oasis, karibu na mpaka wa jimbo la Nevada. Na kati ya Bishop na Big Pine je? Hapo unaendesha juu ya barabara nambari 395. California haihesabu lami moja mara mbili: barabara mbili zikikutana na kwenda pamoja, moja ndiyo inayohesabiwa, nyingine inafutika kwenye sheria mpaka ziachane. Hata Barabara nambari 1 ya pwani, inayosifiwa dunia nzima, hufutika hivyo kila inapoungana na 101.

Kwetu Kenya mambo yalikuwa kinyume. Kwenye ramani za zamani, barabara ya B8 ilitoka Mombasa, ikapita hapa Malindi hadi Garsen, halafu ikaelekea zake Garissa. Wa Lamu aliingia C112 mpaka Mokowe. Njia haikukatika, nambari ndiyo iliyobadilika, na sijapata kumsikia abiria akiuliza. Utingo aliita "Lamu! Lamu!" basi. Kinachokata njia yetu ni maji: mwishoni mwa 2023 Mto Tana ulifurika ukaifunika barabara upande wa Gamba, magari yakakwama huku na huku. Lakini maji hupwa. Pengo la 168 halingoji kiangazi.

Mwambie mpwa wako atazame vile vibao vyembamba vyeupe kando ya njia. Ataona 168, herufi za kaunti, FRE kwa Fresno au INY kwa Inyo, na maili. Maili hizo huanza sifuri kila anapoingia kaunti nyingine. Tena barabara ikinyooshwa hawabadilishi vibao vyote. Kipande kipya hupewa herufi R na hesabu nyingine huachwa ilivyokuwa. Kwa hiyo kutoa kibao kimoja kwa kingine si lazima upate umbali wa kweli. Asikisie dizeli kwa vibao hivyo, atalala njiani.

SWALI: Barabara ikifika majini, feri nayo ni barabara? (Msomaji, Shela, Malindi)

JIBU: Wako wanaoihesabu hivyo. Barabara nambari 10 ya Marekani inafika Manitowoc, jimbo la Wisconsin, inakuta Ziwa Michigan, na inaendelea ng'ambo, Ludington. Katikati yupo SS Badger, meli ya mvuke inayochoma makaa ya mawe, iliyoanza kazi 1953. Inabeba watu na magari yao, safari kama saa nne, na msimu wa baridi haitoki.

Sisi pia tulipanga foleni ya feri Kilifi mpaka daraja lilipofunguliwa 1991, na ng'ambo ukaendelea na gari lako lile lile. Mokowe sivyo. Pale lami inaishia gatini, magunia yanashushwa mashuani, na Amu, yaani Lamu kisiwani, yanapokewa na punda na mikokoteni. Ukienda na gari, ulizia kwanza pa kulilaza na bei yake, kabla hujamlipa nahodha.