Mbunge akiondoka kabla ya muhula kwisha, nani hushika kiti?

SWALI: Barazani kwetu Kisauni tumebishana. Mbunge akifariki au akijiuzulu, aliyemfuata kwa kura ndiye huingia? Na zile siku 90 huanza lini?

JIBU: La, wa pili haingii. Kiti cha mbunge, cha mwakilishi wa wanawake au cha seneta wa kaunti hujazwa kwa uchaguzi mdogo, kwa mujibu wa kifungu cha 101 cha Katiba ya Kenya.

Siku 90 ambazo uchaguzi huo lazima ufanyike ndani yake huanza siku kiti kilipobaki wazi, si siku tangazo lilipotoka, na hapo ndipo wengi hupotea hesabu. Kwa kifo, ni siku ya kifo. Kwa kujiuzulu, lazima iwe barua kwa Spika. Kutangaza tu jukwaani Tononoka si kitu. Spika ana siku 21 za kuiarifu tume ya uchaguzi, IEBC, kwa maandishi. Akizimaliza zote, tume hubakiwa na 69 za kupokea wagombea, kusubiri kampeni na kuendesha kura.

Anayetaka kugombea bila chama aharakishe: asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya kura. Akingoja tarehe itangazwe, huenda amechelewa. Mpiga kura naye ajue kwamba kiti kikishatangazwa kuwa wazi, usajili katika eneo hilo husimama hadi uchaguzi upite. Kwa hivyo jiandikishe mapema, kiti kiwe na mtu au kisiwe.

Kwenye karatasi ni hivyo. Msambweni, aliyekuwa mbunge alifariki Machi 2020 na kura ikacheleweshwa na korona hadi tarehe 15 Desemba. Banissa ilikaa bila mbunge tangu Machi 2023 hadi tarehe 27 Novemba 2025, maana IEBC haikuwa na makamishna. Muda wa Katiba hauna nguvu pasipo wa kuutekeleza.

Wabunge na maseneta walioingia kwa orodha ya chama, yaani wa kuteuliwa, wakiondoka hakupigwi kura upya. Hufuata aliye chini ya aliyeondoka katika orodha hiyo, wa jinsia ileile, ndani ya siku 21 baada ya Spika kuarifu.

Kiti cha kupigiwa kura hakijazwi katika miezi mitatu kabla ya uchaguzi mkuu. Ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, kwa hivyo kitakachobaki wazi kuanzia tarehe 10 Mei 2027 kitasubiri siku hiyo.