Umepangiwa majaribio ya alfa-1? Soma haya kabla hujakutana na mshiriki wa kwanza

Wadogo zangu mnaokuja Ulaya kufanya uuguzi na uratibu wa majaribio ya dawa, swali lenu huwa ni lile lile: "Dada, nimepangiwa mradi wa alfa-1, nianzie wapi?" Mna haki ya kuuliza. Vyuoni kwetu upungufu wa alfa-1 antitripsini hupita kwa mstari mmoja, ukipita. Aina yake kali, iitwayo Z, ni nadra sana kwa watu wenye asili ya Afrika, na makao yake makuu ni kaskazini mwa Ulaya. Sisi mapafu tuliyofundishwa ni ya kifua kikuu, pumu na moshi wa kuni.

Kwa ufupi ni hivi. Ini hutengeneza protini hiyo, alfa-1 antitripsini, inayosafiri na damu hadi mapafuni, na huko kazi yake ni kuidhibiti elastasi, kimeng'enya kinachomwagwa na chembe nyeupe za damu zinapopambana na vijidudu. Mtu aliyerithi Z kwa baba na kwa mama, protini yake inakunjika vibaya na kukwama ndani ya ini. Inayofika damuni ni kidogo mno. Elastasi ikikosa wa kuizuia inatafuna kuta za vifuko vya hewa, taratibu, miaka na miaka, na sigara inaharakisha kazi hiyo kupita kiasi. Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson waliueleza upungufu huu mwaka 1963 huko Malmö, Sweden, baada ya kuona utepe mmoja umekosekana kwenye vipimo vya protini za damu.

Tiba iliyofuata ilikuwa ya akili ya kawaida: kama protini haitoshi, iongeze. Inachujwa kutoka plazma ya wachangiaji damu na kuingizwa kwa dripu kila wiki, miligramu 60 kwa kila kilo ya uzito. Marekani iliiruhusu mwaka 1987. Sasa tulieni hapa, kwa maana ndipo penye kiini cha kazi yenu. Ruhusa ile haikutolewa kwa sababu mtu fulani alithibitisha kwamba mapafu yalinusurika. Ilitolewa kwa sababu kiwango cha protini damuni kilivuka mstari wa mikromola 11 kwa lita, uliokadiriwa kwa kuangalia watu ambao kiwango chao ni cha chini lakini hawaugui sana. Damu ilipimwa, mapafu yakadhaniwa.

Kwa nini hawakupima mapafu moja kwa moja? Fanyeni hesabu wenyewe. Kipimo tulichokizoea ni hewa anayoitoa mtu katika sekunde ya kwanza anapopuliza spirometa. Katika rejesta kubwa ya Marekani, wagonjwa hawa walipoteza wastani wa mililita 54 kwa mwaka. Lakini mtu huyo huyo akipuliza mara mbili mfululizo, tofauti ya hadi mililita 150 inakubalika kuwa ya kawaida. Unatafuta badiliko dogo ndani ya kelele iliyo kubwa kulishinda. Ili ulione kwa uhakika unahitaji mamia ya wagonjwa kwa miaka mingi, na ugonjwa wenyewe ni adimu, wagonjwa wametawanyika nchi kadhaa. Jaribio la Denmark na Uholanzi lililochapishwa 1999 lilikuwa na watu 56. Kwa spirometa halikuona tofauti yoyote. Picha za CT, yaani eksirei zinazounganishwa na kompyuta kuonyesha pafu vipande vipande, zilionyesha dalili ya nafuu, ila haikutosha kuitwa ushahidi.

Ndiyo maana leo mtakuta kila kitu kimeegemezwa kwenye CT: gramu za tishu kwa kila lita ya pafu. Emfisema, yaani huko kubomoka kwa kuta za vifuko vya hewa, ikila tishu, namba inashuka. Jaribio la RAPID, lililochapishwa 2015, lilichukua watu 180 katika nchi 13 kwa miaka miwili, nusu dawa, nusu plasibo, yaani dripu ya kuigiza isiyo na dawa. Pafu likiwa limejaa hewa, waliopata dawa walipoteza gramu 1.45 kwa lita kwa mwaka, na wa plasibo 2.19. Hapo tofauti ilikuwa ya kuaminika. Walipochanganya picha hizo na zile zilizopigwa baada ya mtu kutoa pumzi ya kawaida, uhakika ule ukapungua, ukashindwa kuvuka mstari wa kitakwimu.

Mnaona mzigo umeangukia nani? Umeangukia aliyesimama kando ya mashine akimwambia mgonjwa "vuta, vuta, vuta zaidi, shikilia." Pafu ni kama sifongo: ukilitanua, uzito wake kwa lita unapungua hata kama hakuna tishu iliyopotea. Mtu akivuta pumzi nusu mwaka huu na kamili mwaka ujao, umetengeneza emfisema isiyokuwepo. Kwa hiyo mfanyisheni mazoezi ya pumzi akiwa bado chumba cha kusubiri, kwa lugha anayoielewa, na si pale ameshalala mezani. Mashine iwe ile ile na vipimo vyake vya urekebishaji vifanyike kila mara. Akija na mafua au kifua kimebana, soma itifaki inasema nini kuhusu kuahirisha, na umpigie mtafiti mkuu kabla ya kupiga picha. Wakubwa wataandika takwimu. Pumzi ni yenu.

Jambo la pili ni maneno. Msimwambie mshiriki kwamba atajisikia vizuri. Hakuna binadamu anayehisi sehemu ya gramu kwa lita, na katika RAPID maisha ya kila siku na spirometa havikutofautiana waziwazi kati ya makundi. Lakini mwelezeni hili: wale wa plasibo walipopewa dawa halisi kwa miaka miwili iliyofuata, upotevu ulipungua, ila kilichokwisha kupotea hakikurudi. Mimi naona hoja hii ni nzito kuliko jedwali lolote la matokeo, na ndiyo inayoleta mgogoro wa kimaadili kila tunapoomba mtu akubali plasibo.

Wengi pia huchanganya habari ya "kinga", yaani kutoa dripu kabla mapafu hayajaharibika. Washiriki wa RAPID walikuwa tayari na emfisema. Kaka wa mgonjwa aliyepimwa akakutwa na Z mbili, mapafu yake mazima, hana jaribio linalomwahidi kwamba dripu itamlinda. Atakuuliza korido. Mpe jibu la ukweli, kisha umuulize kuhusu sigara. Sweden ilipima watoto wachanga 200,000 kati ya 1972 na 1974, ikawapata 127 wenye Z mbili. Mpango ulisimamishwa, sababu mojawapo ikiwa ni wasiwasi uliowakumba wazazi. Watoto wale walipofika ujana, walivuta sigara kwa uchache kuliko wenzao. Bila dripu, bila plasibo.

Na kwa kuwa jeni ni la ukoo, majibu ya mtu mmoja ni habari za ndugu zake. Usimpigie dada yake hata kama umeshamfahamu. Mpe mshiriki barua ya kumpelekea, aamue mwenyewe.

Miradi mipya inayokuja ni ya kurekebisha jeni lenyewe ndani ya ini. Machi 2025 kampuni ya Beam Therapeutics ilitangaza kuwa wagonjwa wa kwanza waliopata dozi ya juu, wastani wa protini damuni mwao ulivuka mikromola 11, kwa dripu moja tu. Nilifurahi, kisha nikakumbuka 1987: ni damu tena. Ukiitwa kwenye mradi wa aina hiyo, kabla ya kusaini mkataba ulizia nani atawapiga picha mapafu watu hawa, kwa mashine gani, na kwa miaka mingapi baada ya dripu hiyo moja.